Swali Ambalo Mwalimu Hana Jibu Lake

Maswali ya darasani yana jambo moja la ajabu ambalo tumelizoea hata hatulioni tena: anayeuliza analijua jibu. Mwalimu anauliza Ziwa Jipe liko kwenye mpaka wa nchi zipi, na jibu analo, limo kwenye andalio la somo aliloandika jana usiku. Mtoto anayenyoosha mkono naye anajua kwamba mwalimu anajua. Katika mazungumzo yale hakuna mwenye haja ya kufahamu lolote kuhusu Ziwa Jipe; kinachopimwa ni mtoto. Mtu akikusimamisha sokoni Kikweni akakuuliza njia ya kwenda Shighatini, kisha ukagundua kwamba anaijua vizuri na alitaka tu kukujaribu, utaudhika, na utakuwa na haki. Shuleni tabia hiyohiyo ndiyo mhimili wa kazi, na mtoto anaishi nayo tangu darasa la kwanza hadi kidato cha sita.

Maswali hayo yana kazi yake. Mwalimu asipopima hatajua nani kabaki nyuma. Lakini mtoto aliyeulizwa maswali ya aina hiyo peke yake miaka yote hiyo hujifunza, bila kuambiwa na yeyote, kwamba kujua ni kurudisha. Maarifa yanatoka mahali fulani juu, yanapita kwake, yanarudi yalikotoka yakiwa na alama ya vema au ya kosa. Yeye hajaongeza kitu.

Sasa tazama swali la aina nyingine. Msangeni ni kata ya Wilaya ya Mwanga, Mkoa wa Kilimanjaro, juu milimani Upare ya Kaskazini, upande wa Ugweno. Katika Wikipedia ya Kiswahili ina ukurasa wake, kama ilivyo kwa kata nyingi za Tanzania. Ni ukurasa mfupi wa kawaida: kata iko wilaya gani na mkoa gani, msimbo wa posta, sensa ilihesabu wakazi wangapi. Chini yake kuna maneno ambayo wahariri wameyaweka kwenye maelfu ya kurasa za namna hiyo. Yanasema makala hii bado ni mbegu, kisha yanamgeukia msomaji na kumuuliza: je, anajua kitu kuhusu historia ya mahali hapa, biashara zake, taasisi zake, utamaduni wake?

Aliyeandika swali hilo hajui jibu. Pengine hajawahi kukanyaga Upareni. Na mtoto wa miaka 14 anayepanda kila asubuhi kwenda shule Msangeni anajua mambo mengi ambayo mwandishi huyo angeyapenda: soko hukusanyika siku gani na nini huletwa, mfereji gani hukauka kwanza kiangazi kikizidi, bibi gani bado anazungumza Kigweno na wajukuu wasiomjibu kwa lugha hiyo. Hakuna mtihani utakaomuuliza hayo. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya shule, yeye ndiye mwenye jibu na muulizaji ndiye mwenye haja.

Hapo ndipo naiona maana ya blogu na wiki (tovuti ambayo wasomaji wenyewe huihariri, kama Wikipedia) darasani, na naona tunaitafuta mahali pasipo pake tunapozungumza juu ya kompyuta na kasi ya mtandao. Mtahiniwa husema kile ambacho muulizaji anacho tayari. Shahidi husema kile ambacho muulizaji hana, na kwa sababu hiyo neno lake lina uzito: akidanganya, mtu atapotoka, akikosea, kuna atakayeumia au kubisha. Shule zetu zinajua sana kuwalea watahiniwa. Zana hizi mbili, zikitumiwa vizuri, zinamweka mtoto mahali pa shahidi.

Zikitumiwa vibaya hazibadilishi kitu, na ushahidi tunao. Blogu za Kiswahili zilianza kwa sauti za watu. Ndesanjo Macha alifungua Jikomboe mwaka 2004 na kuwahimiza Watanzania wengine waandike kwa lugha yao wenyewe. Mwaka uliofuata Muhidin Issa Michuzi akaanza yake, na blogu ikawa neno la kila siku mjini. Walimu nao wakaingia. Fungua leo blogu nyingi za walimu utakuta notisi za kidato cha pili, mitihani iliyopita na majibu yake. Zinasaidia, sikatai, hasa pale ambapo kitabu kimoja kinagombaniwa na watoto watano. Ila ni ubao uleule uliohamia kwenye kioo. Zamani kiranja alipewa kitabu akanakili ubaoni, nasi tukanakili kutoka ubaoni hadi kwenye daftari, chaki ikitunyeshea wa mbele. Sasa mwanafunzi ananakili kutoka kwenye simu ya kaka yake. Mshale wa maarifa unaelekea upande uleule.

Wikipedia nayo imepitia jaribu lake. Google iliendesha shindano la kuandika makala za Kiswahili mwishoni mwa mwaka 2009 hadi mwanzoni mwa 2010, likawalenga wanafunzi wa Kenya na Tanzania, na zawadi nono zikatolewa. Makala ziliongezeka kwa haraka, nyingi zikiwa tafsiri kutoka Kiingereza. Shindano lilipokwisha, wengi wa walioshiriki hawakuonekana tena. Siwalaumu vijana wale. Waliulizwa swali la mtahiniwa, wakajibu kama watahiniwa, wakachukua zawadi wakaenda zao. Waliobaki kuijenga Wikipedia hiyo, na wale ambao baadaye walijikusanya katika chama cha Jenga Wikipedia ya Kiswahili, ni watu walioona kwamba kuna msomaji anayesubiri.

Msomaji anayesubiri si wazo la jana, na halikuanza na umeme. Mwaka 1924, kusini mwa Ufaransa katika kijiji cha Bar-sur-Loup, mwalimu Célestin Freinet alinunua mashine ndogo ya kuchapia akaiweka darasani. Mapafu yake yalikuwa yameharibika kwa jeraha la Vita Kuu ya Kwanza, hakuweza kusimama na kuhutubia kutwa nzima. Watoto wakaandika habari za kwao, wakapanga herufi za risasi moja moja, wakachapa, kisha wakatuma kurasa hizo kwa watoto wa shule nyingine upande wa pili wa nchi, kwenye pwani ya Brittany. Watoto wa mlimani waliwaeleza wa pwani habari za milima, na wa pwani wakawaeleza wenzao habari za bahari. Mtoto aliyepanga herufi kinyumenyume ili zichapike sawasawa hakuhitaji kuambiwa kwamba tahajia ni muhimu. Kulikuwa na mtu kule asiyejua mlima, ambaye angeshindwa kuelewa.

Hata sisi tumeliwaza jambo hili wenyewe. Katika Elimu ya Kujitegemea ya Machi 1967, Mwalimu Nyerere alilalamikia shule inayomfundisha kijana kwamba maarifa yenye thamani yote yamo vitabuni na kwa wasomi, hata akarudi nyumbani akiwadharau wazazi wake kuwa hawajui kitu. Tulichukua kutoka katika andiko lile mashamba ya shule na majembe. Lile neno la maarifa ya wazee tulilipita haraka. Naamini lilikuwa gumu kuliko jembe, kwa sababu halikuwa na chombo: mtoto angeyapokea maarifa ya babu yake, kisha angeyapeleka wapi? Kwenye daftari la insha ambalo mwalimu atalisahihisha mara moja, na mwishoni mwa mwaka litafungia karanga?

Wiki ni chombo hicho, au kinaweza kuwa. Blogu ina jina la mtu juu na tarehe; ni mimi ninayesema, leo, kwa niaba yangu. Inafaa sana kumfundisha kijana kusimama na sauti yake. Wiki inadai kitu kigumu zaidi. Ukurasa mmoja ni wa wote, na ulichoandika jana naweza kukigusa leo. Mpare hahitaji kuelezwa sana habari hii, kwani anaijua kwa jina la msaragambo: kila nyumba inatoa mtu, barabara inalimwa, mfereji unazibuliwa, shule inapandishwa ukuta, na hakuna atakayeandika jina lake kwenye kipande alichochimba. Shule nyingi za Upareni zilisimama kwa nguvu za wananchi namna hiyo. Lakini msaragambo haujibu kila kitu hapa. Mawe ya ukuta hayabishani. Maneno yanabishana.

Tuseme mwalimu wa historia anawatuma wanafunzi wake wakaulize mfereji unaopita jirani ya kwao ulichimbwa na ukoo upi. Binti anafika kwa mzee, anapiga goti, "Shikamoo babu." "Marahaba, mjukuu wangu, karibu kigoda." Anaeleza alichotumwa. Mzee anacheka kidogo, anamtajia ukoo wake mwenyewe, na majina ya waliochimba, na ndiva, bwawa la juu, ilikojengwa ili maji yalale usiku na asubuhi yafunguliwe yashuke mashambani. Mwenzake, ng'ambo ya korongo, anaambiwa ukoo mwingine kwa uhakika uleule. Na hili si jambo dogo, maana zamu za maji zinafuata historia. Anayesema babu yake alichimba anasema pia kwamba shamba lake lina haki ya kumwagiliwa kwanza. Wanarudi darasani na ukurasa mmoja.

Wafanye nini? Daftari lingewaruhusu wote wawili wawe sahihi, kila mmoja na lake, na mwalimu angewapa vema wote kwa sababu naye hajui. Ukurasa wa pamoja hauwaruhusu. Ama mmoja amfute mwenzake, ama waandike kwa namna inayobeba kauli zote mbili: fulani wa ukoo huu anasema hivi, fulani wa ukoo ule anasema vile, na wote wanakubaliana kwamba ndiva ilikuwepo kabla ya barabara. Kuandika sentensi kama hiyo ni kazi ya akili ambayo sijaiona katika mtihani wowote wa insha. Inamtaka kijana atenganishe anachokijua na alichoambiwa, aseme aliambiwa na nani, na akubali kwamba babu anayempenda ni shahidi mmoja kati ya wengine.

Jambo linalonigusa kuliko yote katika wiki ni kile kitufe cha historia ya ukurasa. Ukikibofya unaona kila badiliko tangu mwanzo: nani, lini, aliondoa neno gani akaweka lipi. Kosa halipotei. Linasahihishwa na bado linaonekana, pamoja na jina la aliyelisahihisha. Katika daftari, kalamu nyekundu ndiyo neno la mwisho, na mtoto hujifunza kulificha kosa, kuchana karatasi, kuandika upya kwa usafi kana kwamba hakuwahi kukosea. Kuna ukatili fulani katika usafi huo. Mtu anayekua akidhani kwamba kujua ni kutowahi kukosea atakuwa mwoga wa kusema, na akishapata cheo atakuwa mkali wa kusahihishwa.

Hapo linaingia suala la heshima, na silichukulii kimzaha. Mwanafunzi atamsahihishaje mwalimu? Atamgusaje mzee? Wapo watakaosema zana hizi zinawafundisha watoto utovu wa adabu. Nadhani adabu ina njia zake hata hapa. Kila ukurasa wa wiki una pacha wake wa majadiliano, mahali pa kuuliza kabla ya kugusa: mwalimu, nimesoma mahali kwamba mwaka ni mwingine, naomba tuangalie pamoja. Anayeandika hivyo hajamvunjia mtu heshima. Amefanya kile ambacho vikao vya wazee wetu vilifanya, ambako kijana aliyekuwa na neno zito alitafuta namna ya kulifikisha. Lakini mwalimu naye lazima awe tayari kusema "umenishinda hapo, hebu tuliandike vizuri", na wengine tumelelewa katika shule ambazo mwalimu hasemi hivyo kamwe. Mafunzo ya kompyuta hayatamsaidia mtu huyo. Anahitaji kitu kingine.

Liko tatizo jingine ambalo wapenda Wikipedia hawalisemi kwa sauti. Wikipedia inataka kila jambo liwe na chanzo kilichochapishwa. Sheria hiyo ni ya busara; bila hiyo kila mtu angeandika ndoto zake. Ila kwa Msangeni maana yake ni kwamba babu si chanzo. Mfereji ambao umemwagilia mashamba kwa vizazi hauna pa kuandikwa kwa sababu hakuna aliyeuandika. Isaria Kimambo, Mpare aliyekuja kuwa miongoni mwa wanahistoria wakubwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alilikabili tatizo hilo miaka ya 1960 kwa miguu yake. Alikwenda kwa wazee, akasikiliza, akalinganisha masimulizi ya ukoo na ukoo, na kitabu chake cha historia ya kisiasa ya Wapare kikatoka mwaka 1969. Kwamba Washana, wahunzi wa chuma, walitawala Ugweno kabla ya Wasuya kuwapindua, leo mtu anaweza kuliandika popote na kutaja chanzo, kwa sababu Kimambo alikaa kitako akasikiliza. Alifanya kazi ya shahidi wa mashahidi.

Ndiyo maana naona wiki ya darasa lazima itangulie Wikipedia. Shule iwe na yake, iliyofungwa ndani ya uzio, ambamo babu ni chanzo halali mradi litajwe jina lake kwa ridhaa yake, na siku aliyosema. Kutoka humo, yale yanayothibitika yanaweza kwenda nje siku moja. Wakianza moja kwa moja na ulimwengu, kurasa zao zitafutwa na mhariri asiyewajua, kwa sheria halali kabisa, na watajifunza kwamba kwao hakuna kitu.

Vikwazo vya vifaa navitaja kwa ufupi maana kila mwalimu anavijua. Mwanafunzi haruhusiwi kuwa na simu shuleni. Bando ni ghali, na mlimani mtandao una hiari yake. Mwaka 2018 kanuni za maudhui ya mtandaoni zilimtaka mwenye blogu alipe shilingi 100,000 za maombi na shilingi 1,000,000 za leseni, kisha 1,000,000 kila mwaka. Zimerekebishwa baadaye, lakini mwalimu aliyeogopa wakati ule hajasahau. Na watoto wenyewe wana haki ya kulindwa: jina kamili na picha ya binti wa kidato cha kwanza havina kazi mtandaoni, na maneno aliyoandika akiwa na miaka 14 yasije kumfuata akitafuta kazi. Yote hayo yanaielekeza shule kwenye wiki ya ndani. Programu inayoendesha Wikipedia ni ya bure na inaweza kukaa kwenye kompyuta moja tu, bila intaneti. Kiwix huleta Wikipedia nzima ya Kiswahili kwenye kompyuta hiyohiyo kwa ajili ya kusoma.

Na pasipo kompyuta kuna kaunta buku. Nasema hivi kwa uzito wote. Kaunta buku moja la kurasa nyingi, likae maktaba au ofisini kwa mwalimu wa historia. Ukurasa wa kushoto waandike habari, wa kulia uachwe wazi kwa masahihisho. Hakuna kufuta, hakuna kuchana. Kila nyongeza ina tarehe na saini. Darasa la mwakani linalikuta, linalisoma, linaendelea. Hiyo ni wiki. Haina kasi na haifiki mbali, lakini lile nililolisema mwanzoni limo lote: anayeandika anajua atasomwa na mtu asiyemjua, ambaye atakuwa na haja ya neno lake na uwezo wa kulipinga.

Limebaki jambo moja ambalo sijalimaliza moyoni. Wiki imejengwa juu ya imani kwamba kila kijulikanacho kinafaa kujulikana na wote. Upare haikujengwa juu ya imani hiyo. Mshitu, msitu wa jando, ulikuwa na mafundisho ambayo asiyepitia hakupaswa kuyasikia. Mpungi, msitu wa ibada wa ukoo, una mambo ya wenye ukoo. Miti mingi ya kale imesalia Upareni kwa sababu watu waliogopa kuingia mahali hapo na kuuliza. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba ukurasa mtupu ni aibu atafika huko na kalamu yake, na mzee atamwambia hapa usiandike. Anayejiona mtahiniwa atahofia kupoteza alama, pengine atabuni kitu. Ningependa afundishwe kuandika hivi: msitu huu upo, ni wa ukoo fulani, tuliuliza tarehe fulani, tukaombwa tusiandike zaidi, na sababu tuliyopewa ni hii. Kisha aache nafasi upande wa kulia, kwa kuwa mwenye ukoo mwenyewe anaweza kuja kuijaza, au kuandika kwamba hata mistari hiyo minne imezidi.